Mama Mkwe wa Sinema Apeleka Posa

Nezihe alikuwa mpole kiasi kwamba hata paka wa mtaani kwake walimpanda kichwani. Lakini kazi mbaya si mchezo mwema, na kwa miaka ishirini watengeneza filamu wa Istanbul walimpa kazi moja tu: mama mkwe katili. Kwenye filamu alishafukuza wake za wanawe kwenye theluji, akawatilia sumu kwenye supu, akawachomea barua za wapenzi wao. Muuza samaki, aliyeamini yote ya sinema, hakumpa hata mkia. "Nenda kale roho za watu!" alimwambia.

Basi mwanawe wa pekee, Tuncay, akapenda. Msichana, Gülseren, alilelewa mtaa wa Üsküdar na bibi yake Hacer, ambaye hakukosa sinema ya Jumatano, siku ya wanawake peke yao, hata akiumwa. Neno la mwisho lilikuwa la bibi huyo. Tuncay hakuwa na baba, hivyo Nezihe akabeba maua na chokoleti, akaenda kuposa mwenyewe.

Gülseren akaleta kahawa. Ya Tuncay ilijaa chumvi, kama ada ya kumpima mposaji inavyotaka, naye akaimeza bila kukunja uso. Nezihe akajiweka sawa, akasema kwa kisauti chake chembamba, "Kwa amri ya Mungu na kauli ya Mtume, tumekuja kumwomba binti yenu Gülseren awe mke wa mwanetu Tuncay."

Bibi Hacer akaweka kikombe chini. "Hee! Hiyo sauti umeazima wapi?"

"Ni yangu, mama."

"Yako! Miaka ishirini nakusikia unanguruma, leo umekuwa kifaranga? Unaniigizia nyumbani kwangu?"

Maskini Nezihe akaeleza ukweli: filamu hupigwa bila sauti, kisha studioni mwanamke mwingine, Mürüvvet, mvuta sigara hodari, humsemea kwa sauti yake nzito.

"Mnamsikia?" Bibi Hacer akapiga makofi. "Keshapata wa kumsingizia! Atamuua mjukuu wangu, halafu aseme ni Mürüvvet! Mtu wa sura mbili simpi mtoto. Haya, chokoleti zenu hizo."

Gülseren akaanza kulia mlangoni na sinia lake. Tuncay alimtazama mama yake kama mtoto aliyepotea sokoni, na moyo wa Nezihe ukapasuka. Akasimama, akainua nyusi moja, akaitoa tumboni ile sauti ya Mürüvvet.

"We kikongwe! Nipe huyo msichana kabla sijakasirika!"

Bibi Hacer akacheka mpaka meno ya dhahabu yakaonekana.

"Ahaa, sasa tunaongea! Mtu akiwa mkweli namwelewa. Mchukue, ila jicho langu liko kwako."

Harusi ilifana, na tangu hapo Nezihe akawa ananguruma kila aingiapo Üsküdar. Mjukuu wake alipozaliwa, siku moja alijisahau jikoni kwa Bibi Hacer akambembeleza kwa sauti yake mwenyewe.

"Gülseren!" Bibi Hacer akaita kutoka sebuleni. "Nani huyo anaimba?"

"Mama mkwe, bibi."

"Mwambie aache! Asianze kumdanganya mtoto angali mdogo."

Nezihe akaendelea na wimbo kwa sauti ya Mürüvvet, na mtoto akalala fofofo.