Siku Nilipopanda Chombo cha Rubisi

Jumamosi ile, siku moja kabla ya kuanua matanga ya mama, nilipoteza obwato ya mzee Kamugisha, na aibu yake inanichoma mpaka leo kila nikienda kuchota maji.

Obwato kwetu ni gogo lililochongwa la kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, na mtumbwi nao tunauita obwato (hapo ndipo nilipoponzwa). Ndizi zilishaiva shimoni, wageni ni kesho, kwa hiyo mimi na shemeji Deo tukaenda kuiazima, tukaibeba begani mpaka kwenye lile bwawa la udongo walilolichimba babu zetu kwa majembe, ambalo upande mmoja tunachota maji ya kunywa na upande wa pili watu huja kupumzika. Kulizunguka tuta la bwawa ili kufika nyumbani ni mbali, na bega langu lilikuwa linawaka moto.

"Hii si obwato?" Deo akasema. "Basi na yenyewe itubebe."

Nilipaswa kukataa. Badala yake nikaingia na suruali yangu ya msibani, Deo akabaki ukingoni, nikashika ufito wa kusukumia, na (sifichi) nikajiona nahodha. Katikati ikabiringika. Kuogelea sijui, nikawa natapatapa huku vijana waliokuja kupiga picha za harusi wakinielekezea simu, na bibi mmoja mwenye ndoo akipiga kelele, "Waitu! Sisi tupikie maji uliyoogea?" Vijana wakanivuta kwa kamba ya mbuzi. Obwato ikaenda zake mpaka panapotokea maji ya ziada, ikaangukia mawe, ikapasuka vipande viwili. Aliyeichonga ni marehemu baba yake mzee Kamugisha.

Nikaenda kumwambia mwenyewe, nguo zikichuruzika. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Na mama yako kesho tunamuaga na nini?"

Kesho yake wageni walijaa uani na rubisi hakuna. Mzee Kamugisha akasimama, akajaza kibuyu maji ya bwawani, akanipa mbele ya watu wote.

"Mwenye rubisi huonja kwanza," akasema.

Watu wakacheka mpaka wakakohoa (Deo kuliko wote). Nikanywa, macho chini. Mzee akakipokea kibuyu mkononi mwangu, akanywa na yeye, akampa aliyekaa jirani yake, kama rubisi inavyozungushwa.