Maneno Niliyoyaongeza

Mwanangu, hebu weka hiyo simu chini. Video uliyonionyesha, ya yule msichana wa mtaa wa Alum Rock, haina sauti, na tayari wewe na wenzako mmeshamhukumu. Imenikumbusha siku moja ambayo mpaka leo naionea haya.

Nilikuwa kijana, mwembamba (cheka tu!), kazi yangu kutunza wazee. Nilikuwa nimempa chumba nyumbani kwangu Akinyi, mwanafunzi wa ukunga aliyekuwa amekuja huku kutoka Kenya juzijuzi. Ijumaa moja nikamwona kupitia kioo cha kituo cha mabasi cha Digbeth, amekumbatiwa na dereva mzima wa basi, kavaa koti lake la kazi. Niliona midomo ikienda, sikusikia hata neno. Lakini mimi nilishajua yote: anatembea na mume wa mtu! Nikamnunia wiki nzima, salamu zake sikuitika, nikaapa kwamba Jumapili ya pili atahama.

Jumamosi, siku moja kabla ya hiyo Jumapili, nikampeleka Mama Zuhura, jirani yetu wa mtaa wa Ladywood, mzee mwenye asili ya Mombasa, kuangalia filamu ya kale isiyo na sauti. Kiingereza hakukisoma, kwa hiyo nikawa namsomea kwa Kiswahili maandishi yaliyotokea kwenye skrini. Katika filamu hiyo binti alidanganywa kwa harusi ya uongo, akazaa, mtoto akafa, na mwenye nyumba akamfukuza kwenye theluji. Kila binti alipofungua mdomo, mimi nilikuwa na la kusema: "Anasema hajali. Anasema anataka waume za watu."

Mama Zuhura akanigeukia. "Hayo yameandikwa, ama waongeza wewe?"

Nikababaika. "Imeandikwa, 'Sina pa kwenda.'"

"Basi?"

"Basi, Mama."

Akanifinya paja, nikaruka. "Huna haya! Mtu kanyimwa sauti, nawe wamtia uchafu kinywani?" Kisha akanipa kashata kutoka mkobani, maana hasira zake hazikukaa.

Kashata nikaitia mfukoni, nikamkumbuka Akinyi. Nilipofika nyumbani nikagonga mlango wa Akinyi, nikauliza nililopaswa kuuliza tangu Ijumaa ile: "Una nini, mdogo wangu?"

Mama yake alikuwa amefariki. Habari zilimfikia kwa simu pale kituoni, na yule dereva, ambaye hata hakumjua, akamdaka asianguke. Wiki nzima aliomboleza peke yake, ukuta mmoja tu kati yetu, akiogopa kumwambia mtu asiyeitikia salamu. Jamani, nililia kuliko yeye.

Huyo ndiye Anti Akinyi wako. Mikono iliyokupokea ulipozaliwa ni yake, na mimi nilibakiza siku moja tu nimtoe nje.

Kwa hiyo ukiona midomo inakwenda na husikii, mwanangu, usiweke maneno yako. Nenda ukaulize. Na usinijibu kwa Kiingereza, sema ndiyo.

Mungu akupe subira ya kusikiliza. Na siku utakayokosa pa kwenda, akufikishe kwa mtu atakayekuuliza, "Una nini?"