Mpira wa Chini

Mvua ikinyesha mtaani kwetu Makina, harufu ya nyasi za uwanja wa gofu ilivuka uzio na kuchanganyika na mafuta ya mandazi ya mama. Nilidhani kila mtaa una harufu hiyo. Baba yangu, Ramadhani, alibeba mifuko ya wachezaji pale uwanjani, na jioni alicheza gofu yake vichochoroni kwetu, kwa fimbo kuukuu na kopo lililofukiwa likiwa ndilo shimo. Mabati yalikuwa karibu mno. Ukirusha mpira juu, umetoboa paa la mtu, na jirani yetu Mama Zainabu hakuwa na simile: "Baba Halima, bati langu hilo!" Basi baba akajifunza kupiga chini, mpira ukikimbia kando ya kuta. Mazoea yana taabu. Hata penye uwazi, mpira wake haukupanda.

Mwaka huo kazi ya mifuko ilikuwa mbaya, na mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo baba akachukua pasipoti aende Katar, Uarabuni, kuwa mlinzi. Akina baba wa rafiki zangu wawili walikuwa wameshakwenda. Nililichukia neno Katar kama dawa ya minyoo. Ndipo uwanjani wakatangaza kwamba Jumatatu, siku ambayo wabeba mifuko huachiwa uwanja wacheze wenyewe, atakayeshinda ataajiriwa kufundisha. Baba akishinda, atabaki nyumbani.

Mimi na mama tulisimama nje ya uzio, penye shimo la mwisho. Sijui nani aliuchora uwanja ule, lakini alikuwa mjanja. Miti imepandwa pande zote, njia inakwenda vizuri kisha inapinda ghafla kwenye mikaratusi, na shimo lenyewe liko ng'ambo, kwenye mteremko wa nyasi fupi, mchanga wa kunasa mipira ukiwa umelizunguka isipokuwa mbele. Unaachiwa uchague, upite juu ya miti au chini ya matawi, na ukichagua kwa kiburi utajuta. Mpinzani wake, kijana wa Kawangware, alikuwa ameshamaliza. Ili amshinde, baba alitakiwa kumaliza kwa mapigo mawili tu zaidi, na mpira wake ulikuwa nyuma ya miti.

"Mzee, rusha juu, ni hapo tu," wenzake wakamwambia. Akachukua fimbo ya kurushia. Mimi nilimjua, mpira wake haupandi. Mama alishika waya wa uzio, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Halima, hapo juu kuna bati la Mama Zainabu."

Baba hakugeuka, ila alibadilisha fimbo. Mpira ukapita chini ya matawi, ukateleza katikati ya mashina, ukapanda kupitia ule upande usio na mchanga na kusimama kando ya shimo. Akausukumia ndani. Mama aliketi pale pale kwenye matope, akasema Alhamdulillahi, akalia. Mimi nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi.

Siku hizi pale pana ukuta, huoni chochote ndani, na baadhi ya mabati ya Makina yamekuwa ghorofa. Rafiki zangu wale wawili walikua wakiwajua baba zao kwa simu ya Ijumaa tu kutoka Katar. Wangu amezeeka, anakaa kwangu Kawangware, na usiku anakoroma hadi mume wangu analalamika. Mimi nalala fofofo.