Nishani na Mtani

Kwa nini askari aliyetunukiwa nishani ya ushujaa alimwogopa mama mmoja mzee wa Kibamba? Sijapata jibu hadi leo. Juzi, pale Buguruni, nilimwona mzee mwenye nishani kifuani akichagua machungwa, nikaikumbuka alasiri ile ya utotoni mwangu, Temeke.

Baba Mkubwa, aliyepigana vita vya Kagera kisha akawa fundi baiskeli, alikuwa akisugua nishani yake kwa majivu na limau. Uani kulinukia samaki wa kukaanga. Jirani yetu, Mzee Mihayo, aliingia bila hodi.

“Wewe Mngoni, chuma hicho ulipewa kwa kushinda mbio?”

“Mnyamwezi wewe! Ungekuwapo, ungetubebea masufuria.”

Walicheka. Kisha Mzee Mihayo akasema, “Askari mwenzako Hamisi alifia mikononi mwako kule vitani. Mama yake yuko Kibamba, hajui mwanawe alikufaje. Simba mzima unamkimbia bibi kizee?”

Baba Mkubwa aliacha kusugua. Mimi nilijificha nyuma ya pipa la maji nikisubiri ngumi, lakini Mama Mkubwa aliendelea kugeuza samaki wake.

Sikujua kwamba Mngoni na Mnyamwezi ni watani, na kwamba neno lile, ambalo ndugu yeyote angefukuzwa kwa kulitamka, mtani aliruhusiwa kulisema.

“Nitakwenda,” Baba Mkubwa alisema hatimaye.

Kesho yake asubuhi aligonga mlango wa Mzee Mihayo, wakaondoka pamoja kwenda Kibamba.