Likizo ya Karembo

Juzi nilimpata kaka yangu kule Murera akimsugua ng'ombe wake kwa sabuni, maana kesho yake alikuwa anampeleka shoo ya kilimo. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka ngozi inang'aa, na ng'ombe amesimama ametanua miguu. Nilichoka hata kabla ya kuuliza.

Nilipokuwa mdogo, Mama alikuwa na ng'ombe anayeitwa Karembo. Kabla ya shoo ya Thika hakumkamua jioni, na asubuhi pia akamwacha. Mimi nilidhani amempa likizo. Kwetu hakuna aliyewahi kupumzika, kwa hivyo nilimfurahia, na alipolia njia yote ndani ya pikapu nikajua ni raha.

Uwanjani kulinukia nyasi iliyokanyagwa. Maziwa yalikuwa yakidondoka yenyewe, na Karembo alirusha teke kila alipoguswa. Jaji akainama, akatazama kiwele, kisha akaniuliza mimi niliyeshika kamba, "Huyu alikamuliwa lini?"

"Jana asubuhi," nikasema kwa majivuno. "Mama amempa likizo."

Jaji alifunga daftari lake, akaenda kwa ng'ombe mwingine. Mama akasema tu, "Huyu mtoto, jameni," akaomba ndoo, akamkamua palepale. Karembo alishusha pumzi ndefu, nami nikashangaa kwamba likizo imeisha na bado amefurahi.

Nilimkumbusha kaka hayo yote, nikamwambia amkamue huyo mnyama, majaji hawadanganywi na kiwele kilichojazwa makusudi.

"Nimesikia," akasema, akiendelea kusugua. "Lakini kesho usikuje na mtoto wako."