Majina Niliyoyaandika Handsworth

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo hunipanda hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, hapa hapa Birmingham. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, muuguzi kutoka Bungoma, na nilijiona najua mambo kwa sababu kila mtu alisifu Kiingereza changu cha kuandika. Siku hiyo niliketi mezani, nikachukua karatasi safi, nikaandika majina kumi na saba ya vijana wa eneo letu la Handsworth na nyumba walizokaa. Kisha nikayapeleka mwenyewe kwenye ofisi ya jiji.

Nakueleza haya kwa sababu nimesikia umechaguliwa kuwa katibu wa kikundi chenu cha kuzuia vijana wasiumizane, na kwamba mmeanza kuomba ruzuku ya jiji. Nimefurahi sana. Lakini kaa kwanza unisikilize.

Wakati ule nilifanya kazi katika chumba cha majeruhi. Kila Jumamosi tuliwashona vijana wa mitaa miwili jirani waliochomana visu kwa ugomvi ambao hata wao walishindwa kuueleza. Tulipokuwa bado tunashona, ndugu zao walikuwa nje wakipanga kulipiza. Aliyeona pa kuingilia ni Bi Verna, mama wa Kijamaika aliyekuwa mpishi katika shule ya msingi. Kijana akijeruhiwa, Bi Verna alikwenda nyumbani kwao siku ile ile, akaketi na kaka zake, akawaacha watukane na walie, na hakunyanyuka mpaka hasira ipungue. Kesho yake alirudi tena. Baadaye akapata ukumbi nyuma ya kanisa, akawakaribisha vijana wa mitaa yote miwili. Palikuwa na chai, meza ya domino, na sharti moja tu, kwamba kisu kibaki nyumbani.

Jiji lilipoanza kusaidia vikundi vya mitaani, Bi Verna aliniomba niandike barua ya maombi. Tukapata. Kodi ya ukumbi ikalipwa, na wanawake wawili wakapewa mshahara mdogo wa kutembelea nyumba. Kazini nikaanza kumaliza Jumamosi nzima bila kumwona kijana hata mmoja wa mitaa ile kwenye kitanda changu. Wewe ungefikiri hapo tungeshukuriwa.

Afisa aliyesimamia ruzuku yetu alikuja akiwa na mkoba na tabasamu. Akatazama vijana wakicheza domino, akaniita pembeni.

"Dada Nekesa," aliniambia, "huu mtaa umetulia. Wakubwa wangu wanauliza, kama hakuna fujo, tunalipia nini?"

Nikamwambia umetulia kwa sababu ya kazi hii.

"Naamini. Lakini siwezi kupeleka imani mezani kwao. Niandikie majina ya waliokuwa wakipigana na wameacha. Nitaonyesha kazi yenu imezaa matunda."

Ebu fikiria, mwanangu. Damu ilipokuwa ikimwagika walikuja na wapiga picha. Damu ilipokauka, wakataka tuthibitishe kisu ambacho hakikuchomolewa. Ningepaswa kumwuliza angejisikiaje mimi nikimtaka aorodheshe makosa ya watoto wake ili wapewe chakula. Sikuuliza, niliandika. Nilivimba kichwa kwa kuwa ameniita mimi, si Bi Verna. Wala sikumwambia Bi Verna. Niliona nitamletea habari njema ruzuku ikishaongezwa.

Hazikupita wiki tatu. Mwenye duka mmoja alipigwa na kuporwa kwenye barabara ya Soho Road, mchana kweupe, na polisi wakaanza kubisha milango. Hawakubisha ovyo. Walikwenda nyumba kwa nyumba kama watu wanaosoma, na walisoma karatasi yangu. Nani aliwapa, hakuna aliyewahi kukiri. Aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha ni Winston, kijana wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ufundi katika kiwanda cha vyuma. Nilimweka wa kwanza kwa sababu ndiye niliyejivunia zaidi. Alikuwa ameacha visu mwaka mzima. Wakamchukua mbele ya mama yake, wakamweka rumande katika gereza la Winson Green.

Siku iliyofuata ukumbi ulikuwa mtupu. Bi Verna alikaa peke yake mbele ya birika la chai, akiuliza nani angefanya jambo kama hilo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nikajifanya napanga viti. Kisha nikarudi nyumbani.

Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mzee Harbans, Singasinga aliyezaliwa Nakuru, seremala, aliyehamia huku na familia yake mwishoni mwa miaka ya sitini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Nakuru, na ndicho kilichonifanya nimwone kama baba. Nilimkuta akipiga randa mlango, nikamweleza yote. Aliendelea na kazi mpaka nikamaliza.

"Hao vijana walikupatia majina yao wenyewe?" akauliza.

"Hapana, Mzee. Niliyajua tu, kwa sababu walikuwa wakija."

"Walikuja kwa sababu hapo hakuna mtu aliandika. Wewe uliandika." Akaweka randa chini. "Mimi nimeona serikali tatu, binti yangu. Zote zinapenda orodha. Sasa usilie hapa kwangu. Mama ya huyo kijana anajua ni wewe?"

"Hajui."

"Basi kwenda ujulishe yeye. Halafu Verna. Halafu hiyo korti. Usipofanya hivyo, hiki chumba tafuta kingine."

Nilikwenda. Mama yake Winston alinisikiliza mlangoni, hakunikaribisha ndani. Hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama nilikuwa na mama. Nikasema ninaye. Akafunga mlango. Bi Verna yeye aliniomba funguo za ukumbi, nikampa.

Mahakamani nilisimama na sare yangu ya uuguzi. Nikasema karatasi ile ni yangu, kwamba majina yale ni ya vijana walioacha kupigana, na kwamba afisa wa jiji ndiye aliyeniomba niyaandike. Msimamizi wa kiwanda naye akaeleza kwamba saa ya uporaji Winston alikuwa kwenye mashine. Wangeweza kumwuliza msimamizi huyo siku ya kwanza. Hawakumwuliza. Winston aliachiliwa baada ya wiki sita, na kiwandani nafasi yake alikuwa amepewa mwingine.

Na unajua ofisi ilituandikia nini? Kwamba ruzuku imesitishwa, kwa kuwa vijana hawahudhurii tena. Nilisoma barua ile mara mbili nikiwa nimesimama. Wao wenyewe waliwafukuza vijana, kisha wakatuadhibu kwa viti vitupu. Hakuna aliyeomba radhi, si kwa Winston, si kwa mama yake.

Bi Verna alianza upya katika karakana ya Mzee Harbans, kati ya mbao na gundi, bila senti ya jiji. Winston mwenyewe ndiye aliyezunguka akiwarudisha wenzake, mmoja mmoja, na wengine hawakurudi kamwe. Mimi nilikubaliwa kuosha vikombe. Niliviosha mwaka mzima, na nilistahili.

Kwa hiyo, mwanangu, ombeni hiyo ruzuku, na ombeni bila kuinama. Ni kodi ya wazazi wenu, si sadaka. Wakiuliza mnafanya nini, waambieni waje waketi, waone. Wakitaka idadi, hesabuni. Lakini wakitaka majina, funga daftari lako uondoke, hata kama ukumbi utafungwa kesho. Karatasi yoyote inayotoka kwa jina la kikundi isomwe kwanza na wale inaowahusu. Na siku utakapokosea, kwa maana utakosea, nenda mlangoni kwa uliyemkosea kabla hajasikia kwa mwingine.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wenye meza kubwa. Akulindie hao vijana wako, wazeeke wote, wawazike wazazi wao, wala asiwepo mzazi wa kuwazika wao. Nenda na baraka zangu.