Wali Mwekundu wa Roketi

Kila roketi iliporushwa kutoka kilima cha Hamaura, Sueko Tokudome alipika wali mwekundu. Mila hiyo haikutoka serikalini wala kwa miungu. Ilianzia jikoni kwa Shimozono, nyumba ya wageni iliyo karibu kabisa na kilima, enzi zile maprofesa walipokuja kutoka Tokyo na viroketi vifupi wakavisukuma kwa mikokoteni mpaka juu. Sueko alikuwa msichana wa kuosha vyombo. Bibi mwenye nyumba wa wakati huo aliwatazama wageni wake, watu wazima wenye miwani wasiolala wala kula, akasema kwamba wali mwekundu hupikwa mtoto akizaliwa, kijana akioa na mwanafunzi akifaulu, basi hawa nao wakifaulu watakula huo huo. Mila ikishaota mizizi haing'oki, na maprofesa wa fizikia ndio wa mwisho kuigusa.

Wali wenyewe una shida moja. Unachemsha kunde ndogo nyekundu, unahifadhi maji yake, halafu mchele wa kunata unalala ndani ya maji hayo usiku kucha. Kwa hiyo sherehe huandaliwa kabla hujajua kama kuna sherehe. Upepo ukiwa mkali na roketi ikaahirishwa, wafanyakazi waliula kimya kimya, kesho yake Sueko akaanza upya. Hakuwahi kulalamika.

Mumewe, Kunihiro, alifanya kazi ofisi ya mji. Sauti yake ndiyo tuliyoisikia kwenye vipaza sauti vya barabarani siku za kurusha: barabara ya pwani itafungwa, wenye mbwa wawafunge, wenye nguo kambani waanue. Hayo ya nguo hayakuandikwa popote, aliyaongeza mwenyewe kwa sababu moshi wa roketi uliwahi kulichafua shuka la mkewe. Alikufa mwishoni mwa majira ya baridi, amekaa sebuleni anakata kucha za miguu.

Sueko hakulia. Aliwashukuru waliokuja, aliokota mifupa ya marehemu kwenye majivu ya kuchomea maiti kwa vijiti kama ilivyo desturi, akarudi nyumbani akaosha vikombe vya wageni. Alingoja uchungu uje, haukuja. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi. Akila, alijua kwamba anakula kwa kuwa taya zilikuwa zinatembea.

Sasa, kwetu mfiwa hukaa na msiba wake mpaka siku ya arobaini na tisa. Hapiti chini ya lango la hekalu la miungu, haendi harusini, na chakula cha sherehe hakigusi. Roketi ya mwaka ule ilipangiwa kuruka siku hizo hizo. Mpishi mwenzake alikuwa ameteleza akavunja mkono, na jiko lilibaki na Sueko peke yake.

Fumie Shimozono, bibi mwenye nyumba wa sasa, alikuja akasimama mlangoni pa jiko akipangusa meza ambayo ilikuwa safi tayari.

"Dada Sueko, kesho ndiyo roketi."

"Nimesikia."

"Wali... utaweza?"

"Nitaweza."

"Kama unachoka, useme tu."

"Sijachoka."

Basi, ndiyo yalikuwa mazungumzo yote. Fumie aliogopa kulitaja jambo la msiba asije akamuumiza mjane, akangoja mjane alitaje mwenyewe. Sueko aliogopa kukataa asije akamtia mwenye nyumba taabani, akangoja mwenye nyumba amkataze. Kila mmoja alikuwa na adabu zake, na hizo adabu ndizo zilizowaponza. Usiku ule mchele ulilala kwenye maji mekundu.

Roketi yenyewe ilikuwa imebeba darubini ya Mwalimu Mitarai. Huyu alikuwa mgeni wa chumba cha mwisho ghorofani, mwembamba, mwenye tabia ya kuingia kwa mlango wa jikoni badala ya mlango mkubwa. Miaka kumi na zaidi ya maisha yake ilikuwa ndani ya darubini ile. Haikuwa ya kutazama mwanga huu tunaouona, bali eksirei zinazotoka mbali kabisa, ambazo hewa yetu inazimeza zote zisifike ardhini. Moyo wa darubini hiyo ulikuwa kipande kidogo cha chuma, kikipozwa mpaka baridi ambayo hakuna barafu duniani inayoikaribia. Hapo eksirei moja tu ikikigusa, kinapata joto kidogo, na kwa joto hilo unajua imetoka kwenye nini. Sueko aliwahi kumuuliza.

"Mwalimu, sasa mtaona nini huko?"

"Gesi."

"Gesi tu?"

"Gesi ya moto sana, Mama Sueko. Imejaa kati ya magalaksi, na uzito wake unazishinda nyota zote."

"Hata mimi ninayo hapa. Tena yangu inachemsha chai."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Tangu siku hiyo alikuwa akimletea keki za Tokyo, naye Sueko akimwekea mkia wa samaki, sehemu anayoipenda.

Siku ya kurusha ilikuwa nyeupe, bila upepo. Mji wote ulipanda kilimani. Sueko alibaki na sufuria zake za mvuke. Alisikia kipaza sauti kikitangaza, sauti ya kijana fulani mpya, haikutaja nguo. Kisha madirisha yakatetemeka, sahani zikagongana kabatini, na watu wakashangilia juu kilimani. Akajua imeruka. Akafunua kifuniko, wali umeiva vizuri, kila punje inang'aa. Akaanza kuupakua kwenye beseni za mbao.

Alikuwa anaumwagia ufuta na chumvi aliposhtuka kwamba hasikii kitu. Siku za nyuma watu waliteremka wanaimba. Akaenda ukumbini kutazama televisheni. Hatua ya kwanza, yaani kipande cha chini cha roketi, ilikuwa imewaka ikadondoka kama inavyotakiwa, hatua ya pili haikuwaka. Wakuu walingoja kidogo, kisha wakatoa amri roketi iharibiwe hewani, vipande viangukie bahari ya mbali. Televisheni ilionyesha chumba cha mitambo. Watu wote walikuwa wamesimama, mikono imelegea.

Sueko alirudi jikoni, Fumie akaingia nyuma yake, macho mekundu. Akaziona beseni.

"Dada Sueko. Huo wali."

"Ndiyo."

"Wakija wasiuone. Tuuzike bustanini, au vipi?"

Kabla hajajibiwa, Mitsue, mwenyekiti wa umoja wa akina mama, alikuwa ameshafika mlangoni na maneno yake. Mitsue ni mtu ambaye hakutukani, anakuhurumia tu mpaka utamani matusi.

"Maskini, Sueko, kazi yote hii bure," alisema. "Na wewe na msiba wako, nani alikulazimisha jamani? Tungeagiza hata mikate."

Akaondoka. Kufikia adhuhuri mji mzima ulikuwa umeshapata sababu ya roketi kuanguka, na wahandisi walikuwa bado hawajakaa kikao cha kwanza. Sueko hakukasirika. Alilipokea lile neno kama anavyopokea mtu kifurushi chenye jina lake. Ni mimi, alifikiri. Nimeua miaka kumi ya Mwalimu kwa mikono hii. Akautazama mkono wake, na hata hapo hakuhisi kitu.

Alasiri Mwalimu Mitarai alikuja kwa mlango wa jikoni. Alikuwa ametoka kuinama mbele ya waandishi wa habari, mbele ya watu wa bandari na mbele ya akina Mitsue, kuomba radhi. Akavuta kigoda.

"Mama Sueko, nina njaa."

"Nitakupikia tambi."

"Si naona wali pale?"

"Ule haufai, Mwalimu."

Akainuka, akajipakulia mwenyewe, akaanza kula. Ulikuwa umepoa, umeshikana. Sueko alisimama akimtazama, kisha akapiga magoti sakafuni akainamisha paji la uso mpaka chini.

"Ni mimi niliyeiangusha. Mume wangu hajatimiza arobaini na tisa, nami nikapika. Nilijua, nikapika."

Mwalimu aliacha kutafuna. Mtu mwingine angecheka, au angemfundisha habari za mafuta na viwashio. Yeye aliweka bakuli chini.

"Inuka, Mama. Mama yangu alikufa wiki iliyopita."

"Unasema?"

"Sikumwambia mtu. Timu nzima ilikuwa inakwenda hekaluni kuiombea roketi. Ningewaambia, wangeniacha nje ya lango, na vijana wangeingiwa na wasiwasi. Nikapita chini ya lango pamoja nao. Nikapiga makofi kama wanavyofanya waombaji, nikaomba."

"Kwani Mwalimu unaamini mambo hayo?"

"Siamini."

"Basi?"

"Siamini. Lakini tangu asubuhi nawaza lile lango tu." Akachukua bakuli tena. "Kwa hiyo sijui ni wewe au ni mimi. Kaa ule."

Sueko akakaa. Wakala wote wawili, chakula cha sherehe, wafiwa wawili. Wali haukuwa na ladha yoyote. Waliendelea mpaka beseni moja ikaonyesha mbao zake, ndipo Mwalimu akashukuru, akapanda ghorofani kufunga mizigo.

Miezi ikapita. Arobaini na tisa ya Kunihiro ilifika ikaenda. Fumie hakumwondoa Sueko jikoni, wala hakumwambia neno. Mitsue aliendelea kumhurumia dukani, mbele za watu, na Sueko alikuwa akiinama na kuomba radhi kila mara. Ajabu ni kwamba kuomba radhi kulimsaidia kuamka asubuhi. Alikuwa na la kubeba.

Majira ya vuli, akiwa anachoma samaki, simu ya ukutani ikalia.

"Mama Sueko, ni Mitarai. Nimetaka usikie kwangu kabla ya magazeti. Wamepata. Ni kiwashio cha hatua ya pili. Waya mmoja ulikuwa na ufa tangu ulipotengenezwa, mwaka mzima kabla ya kurusha."

"Mwaka mzima kabla."

"Ndiyo. Kunihiro alikuwa hai, na mama yangu pia. Si wali. Na si lango."

"Wana hakika?"

"Wamejaribu kwa kila njia. Hakika kabisa."

Samaki walikuwa wanatoa moshi. Sueko aliona, hakusogea.

"Mwalimu, umefurahi?"

Upande wa pili kiti kikavutwa.

"Nilidhani nitafurahi," alisema Mwalimu. "Wewe je?"

"Mimi pia nilidhani."

Wakaagana kwa heshima. Sueko alitundika simu. Miezi yote ile aliamini kwamba kifo cha mumewe kilikuwa kizito kiasi cha kuangusha roketi kutoka mbinguni. Sasa watu wenye hakika walikuwa wamempa habari kamili: Kunihiro alikata kucha akafa, na hakuna waya uliotikisika. Kifo chake hakikugusa kitu chochote, isipokuwa mkewe.

Akakaa chini pale pale mbele ya jiko, na hatimaye akamlilia mumewe, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Wageni walisimama ukumbini na vijiti vyao mkononi. Fumie alifika mlangoni, akataka kuzima moto chini ya samaki, akaona asiingie. Samaki wakaungua wote.